Kuizunguka Kolombia kwa Pikipiki: Mwongozo wa Usalama

Mtu anayetangaza kwamba anakwenda kuizunguka Kolombia kwa pikipiki huulizwa kwanza habari za watekaji nyara na wauza dawa za kulevya. Swali hilo lina msingi wake, na tutalifikia. Lakini takwimu za nchi yenyewe zinaonyesha kwamba zaidi ya nusu ya watu wanaokufa katika ajali za barabarani nchini humo ni waendesha pikipiki na abiria wao. Kwa msafiri wa kawaida anayefuata barabara kuu, lori kwenye kona, breki zilizochemka kwenye mteremko, udongo ulioporomoka na giza ni hatari zilizo karibu zaidi kuliko mtu mwenye bunduki. Hatua zifuatazo zimepewa nafasi kulingana na uzito huo.

Hatua ya 1: Chagua njia kabla ya kuchagua pikipiki

Milima ya Andes ikiingia Kolombia kutoka kusini hugawanyika kuwa safu tatu zinazoelekea kaskazini, na karibu kila barabara inayounganisha miji mikubwa ya bara hulazimika kupanda safu mojawapo na kuishuka. Ndiyo maana ramani hudanganya. Kutoka Bogotá hadi Medellín ni kilomita 400 na kidogo, lakini hiyo ni safari ya kutwa nzima, na kukiwa na ukarabati au ajali njiani jua litakuchwea ungali mlimani. Panga safari kwa saa, si kwa kilomita. Kwenye barabara za milimani, kilomita 200 hadi 250 kwa siku zinatosha kabisa, na anayekuambia kwamba alifanya 500 hakuiona nchi.

Kolombia iko karibu na ikweta kama ilivyo kwetu Afrika Mashariki, kwa hiyo jua huzama karibu na saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na giza huingia upesi. Jiwekee sheria ya kuwa umeshafika unapolala ifikapo saa kumi alasiri. Muda huo wa ziada ndio utakaoliwa na pancha, mvua au foleni ya malori.

Kuhusu maeneo, makubaliano ya amani ya mwaka 2016 kati ya serikali na waasi wa FARC yalipunguza vita, lakini hayakuvimaliza. Kundi la ELN, mabaki ya FARC waliokataa kuweka silaha chini, na magenge ya biashara ya kokeini bado yanagombania maeneo fulani. Catatumbo, karibu na mpaka wa Venezuela, ililipuka tena Januari 2025 na makumi ya maelfu ya watu wakayahama makazi yao. Arauca, sehemu kubwa za Chocó, pwani ya Nariño upande wa Tumaco, na vijijini mwa Cauca ni maeneo ambayo mgeni hana sababu ya kupita kwa pikipiki. Tatizo ni kwamba barabara kuu ya Panamericana kati ya Cali na Popayán inapita Cauca, na ndiyo njia ya kawaida ya kwenda Ekuado. Anayelazimika kuitumia aulize hali ilivyo siku hiyo hiyo asubuhi, apite mchana, na asichepuke kwenda vijiji vya kando.

Nje ya maeneo hayo inabaki nchi kubwa inayotembelewa na wageni bila misukosuko mingi: mashamba ya kahawa yanayozunguka Manizales, Salento na Armenia, nyanda za juu za Boyacá, Santander yenye San Gil na Barichara, na miji midogo ya Antioquia kama Jardín na Guatapé. Kwa safari ya kwanza, ningebaki humo.

Angalia pia majira. Katika ukanda wa Andes mvua huwa kubwa zaidi Aprili na Mei, kisha Oktoba na Novemba. Desemba hadi Machi mapema, pamoja na Julai na Agosti, huwa afadhali, ingawa mlima hauahidi ukavu mwezi wowote.

Hatua ya 2: Hati na bima

Ukiomba viza, ambayo kwa Afrika Mashariki huanzia ubalozi wa Kolombia ulioko Nairobi, uliza wakati huo huo masharti ya chanjo ya homa ya manjano. Usiichukulie kama karatasi ya uwanja wa ndege tu: Aprili 2025 serikali ilitangaza dharura ya kiafya kwa sababu ya mlipuko wa ugonjwa huo ambao kitovu chake kilikuwa Tolima, mkoa ambao msafiri wa Bogotá kwenda kwenye mashamba ya kahawa huuvuka.

Leseni yako iwe inakuruhusu pikipiki waziwazi, na uibebe pamoja na kibali cha kimataifa cha udereva. Kisha uhakikishe jambo moja ambalo wengi hulipuuza: bima yako ya safari. Bima nyingi hutoa huduma kwa pikipiki ndogo tu, au hukataa kabisa kulipa ikiwa leseni haikuendana na ukubwa wa injini. Soma kifungu chenyewe, na ukiona maneno yana utata, omba jibu la maandishi kabla ya kulipa.

Ndani ya nchi, bima ya lazima inaitwa SOAT. Hii hugharamia matibabu ya mtu aliyeumia katika ajali, hata akiwa dereva mwenyewe, hadi kiwango kilichowekwa kisheria. Hospitali haitakiwi kumkataa majeruhi anayeletwa kwa SOAT. Pikipiki isiyo nayo huzuiliwa na polisi na kupelekwa kwenye yadi. Kwa kuwa SOAT za kughushi zimekuwepo, usiridhike na karatasi ya mwenye kukodisha: ingiza namba ya pikipiki katika mfumo wa taifa wa usajili, RUNT, na uone mwenyewe kama bima iko hai na inaisha lini. Anayeingia na pikipiki yake mwenyewe, kwa mfano kutoka Ekuado kupitia mpaka wa Rumichaca, atahitaji pia kibali cha muda cha kuingiza chombo kutoka mamlaka ya forodha, DIAN, na SOAT kabla ya kuanza kutembea.

Hatua ya 3: Pikipiki yenyewe

Usidanganywe na picha za mapikipiki makubwa yaliyosheheni masanduku ya aluminiamu. Kolombia ni nchi ya pikipiki ndogo, na nyingi unazijua: Bajaj Boxer na Pulsar zimejaa kule kama zilivyojaa kwenye vijiwe vyetu vya bodaboda, pamoja na TVS, Honda na Yamaha. Fundi wa mji mdogo wa mlimani atakuwa na cheni, kebo ya klachi na tyubu ya pikipiki kama hizo. Ya pikipiki kubwa ya Ulaya atalazimika kuagiza. Injini ya cc 150 hadi 250 inatosha kwa mtu mmoja na mzigo wa kiasi. Zingatia tu kwamba hewa ni nyepesi kule juu. Bogotá yenyewe iko mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na barabara kadhaa huvuka mita 3,000, ambako injini yoyote hupoteza nguvu, hasa ya kabureta. Nafasi ya kulipita lori uliyoiona inatosha bondeni haitatosha pale.

Kabla ya kuichukua pikipiki ya kukodi, anza na breki. Bonyeza mkono wa breki ya mbele kwa nguvu na uushikilie: ukizama polepole kuelekea kwenye mshikio, irudishe. Tazama rangi ya oili ya breki kwenye kikopo chake. Ikiwa nyeusi, idai ibadilishwe mbele yako. Oili ya zamani imenyonya maji, na maji hayo huchemka kwenye mteremko mrefu, ukabaki unabonyeza hewa. Kagua unene wa pedi, kina cha tairi, mkazo wa cheni, na taa zote, kwa kuwa taa ya mbele inatakiwa kuwaka hata mchana.

Hatua ya 4: Mavazi

Barabara ya Mariquita kwenda Manizales huanza chini ya mita 500, kwenye joto la kutoa jasho, na ndani ya kilomita 80 hivi hupanda hadi karibu mita 3,700 pale Alto de Letras, ambapo vidole huganda. Kwa hiyo vaa kwa tabaka, beba koti na suruali za mvua zisizopitisha maji kweli, na glavu za akiba. Vidole vilivyokufa ganzi havishiki breki. Helmeti iwe ya kufunika uso wote na ifungwe kidevuni. Kati ya saa kumi na mbili jioni na saa kumi na mbili asubuhi, na wakati wowote ambapo hakuonekani vizuri, sheria inataka dereva na abiria wavae kizibao au jaketi linaloakisi mwanga. Ni nafuu zaidi kulivaa siku nzima.

Hatua ya 5: Zoeza ubongo kukaa kulia

Anayetoka Rwanda, Burundi au Kongo hili halimhusu, kwa kuwa kwao wanatembea kulia. Mtanzania, Mkenya na Mganda watatembea upande usiokuwa wao, na hatari haiko pale unapoifikiria. Kwenye msongamano wa magari utafuata wengine bila shida. Utakosea asubuhi na mapema, unapotoka kwenye sheli tupu au kwenye lango la hoteli, barabara haina gari hata moja, mwili unachagua wenyewe upande wa kushoto, na lori linatokeza kwenye kona. Utakosea tena kwenye kipilefti, ambako huko huzungukwa kinyume na saa, na unaposhtuka: mtu aliyeshtushwa na gari linalomjia hukwepa kuelekea upande aliouzoea.

Bandika kipande cha utepe wenye rangi kali kwenye tangi, upande wa kulia, kikukumbushe kila unapopanda. Kabla ya kuingia barabarani tazama kushoto kwanza, kwa sababu magari ya upande wako wa karibu yatatokea huko. Na siku ya kwanza usiitumie kutoka Bogotá katikati ya wiki. Jumapili na sikukuu, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa nane mchana, baadhi ya barabara kuu za Bogotá hufungwa kwa ajili ya waendesha baiskeli na watembea kwa miguu, na jiji hupumua kidogo. Unatakiwa tu kujua ni barabara zipi zimefungwa.

Hatua ya 6: Malori, kona na miteremko

Hapa ndipo penye kazi. Mizigo mingi ya Kolombia husafirishwa kwa barabara, na barabara nyingi za milimani bado zina njia moja kwa kila upande, zikiwa na mistari miwili ya njano katikati ambayo kila mtu anaijua na wengi hawaiheshimu.

Mwelewe dereva wa trela anachofanya kwenye kona kali. Kona ikikata kushoto kwako, lori linalokuja linakata kulia kwake, na ili trela lisikwaruze ukingo wa ndani, kichwa chake lazima kivuke mstari na kuingia upande wako. Kona ikikata kulia kwako, kichwa cha lori hupita vizuri kwenye njia yake, ukadhani umesalimika, kisha magurudumu ya nyuma ya trela yanakata mstari na kuja ulipo wewe. Katika hali zote mbili nafasi yako ni nusu ya kulia ya njia yako, kwa mwendo unaokuwezesha kusimama ndani ya umbali unaouona. Wanaokata kona huku helmeti yao ikining'inia juu ya mstari wa njano ndio wanaogongwa kichwa wakati tairi zao zipo upande halali.

Kulipita lori linalopanda taratibu ni jambo ambalo utalifanya mara nyingi kwa siku, kwa hiyo lifanye kwa utaratibu uleule. Kaa nyuma ya kutosha ili uone mbele yake na dereva akuone kwenye kioo. Subiri sehemu iliyonyooka na mstari uliokatika. Shusha gia kabla ya kutoka, si ukiwa katikati. Usimfuate kwa upofu mwenye pikipiki aliyekutangulia, kwa kuwa nafasi aliyoiona yeye imeshakwisha. Dereva wa lori akiwasha indiketa ya kushoto anaweza kuwa anakuashiria upite, na anaweza kuwa anakata kushoto kweli. Usiikabidhi roho yako kwa taa ambayo ina maana mbili.

Kwenye mteremko mrefu, kama kutoka Letras kwenda Mariquita au kutoka Alto de La Línea kuelekea Ibagué, teremka kwa gia ileile ambayo ungepandia. Injini ishikilie mwendo, na breki zitumike kwa kubonyeza kwa nguvu muda mfupi kisha kuachia, zisiburuzwe kilomita nzima. Ukisikia harufu ya kuungua, simama mahali salama na usubiri zipoe. Pembeni mwa malori yanayoshuka utaisikia harufu hiyo mara kwa mara. Lori lenye harufu hiyo usilitangulie.

Kuna mambo ya pale pale ambayo hayamo kwenye vitabu vya udereva. Katika bonde la Valle del Cauca, kuzunguka Palmira na Buga, utakutana na magari ya miwa yanayovuta matrela manne au matano kwa pamoja, marefu ajabu na mazito, na usiku taa zake za nyuma hazitoshi. Huko Antioquia wapo vijana wanaoshikilia mikia ya malori kwa baiskeli wakati wa kupanda, kisha huteremka peke yao kwa kasi ya kutisha, kwa hiyo nyuma ya lori kunaweza kuwa na mtu usiyemtarajia. Waendesha baiskeli wa michezo ni wengi mno, na sheria inataka uwaachie angalau mita 1.5. Kwenye vibanda vya kulipia barabara pikipiki hazilipi: hupita kwenye kichochoro kilichoko kulia kabisa, na kichochoro hicho huwa chembamba, chenye kingo za zege na mara nyingi mchanga au oili. Kama una masanduku ya pembeni, pima upana kwanza na uingie kwa mwendo wa miguu.

Mwendo wa juu kisheria ni kilomita 50 kwa saa mjini, 30 karibu na shule na makazi, na 90 barabara za kawaida nje ya mji. Kwenye milima hutaufikia huo wa 90 ukiwa na akili timamu.

Hatua ya 7: Mvua, ukungu na maporomoko

Miteremko ya Andes ina udongo laini, na mvua ya siku kadhaa mfululizo huuangusha barabarani. Januari 2023 poromoko pale Rosas, Cauca, liliikata Panamericana. Januari 2024 jingine liliua makumi ya watu kwenye barabara ya Quibdó kwenda Medellín, eneo la Carmen de Atrato, wengi wao wakiwa wamesimama wakisubiri njia ifunguliwe. Funzo la tukio hilo la pili ni la kutumika moja kwa moja: ukikuta njia imefungwa, usisubiri chini ya ukuta wa mlima, hata kama wote wamesimama hapo na kuna kibanda cha chai. Rudi nyuma hadi mahali pa wazi, mbali na mifereji inayoshuka kutoka juu.

Kila asubuhi piga #767, namba ya polisi wa barabarani inayotoa hali ya barabara, au muombe mwenye hoteli akupigie. Maneno ya kusikiliza ni machache: derrumbe ni poromoko, cierre ni kufungwa kwa njia, na paso a un carril ni kupita kwa zamu kwenye njia moja. Mvua kwa kawaida huongezeka mchana, hivyo vuka sehemu za juu asubuhi. Baada ya mvua tegemea tope kwenye kona za ndani, na dizeli iliyomwagika inayong'aa kwa rangi za upinde wa mvua. Ukungu ukishuka kiasi cha kutoona nguzo ya tatu mbele yako, toka kabisa barabarani. Kusimama kwenye ukingo wa lami ndani ya ukungu ni kumngojea mwenye kukugonga.

Barabara ya zamani kati ya Mocoa na Pasto, maarufu kwa jina la Trampolín de la Muerte, huwavuta wapenda vituko. Ni ya changarawe, nyembamba, hukatishwa na vijito, na ina maporomoko upande mmoja na korongo upande wa pili. Asiye na uzoefu wa changarawe aiache, na mwenye uzoefu aiache wakati wa mvua.

Hatua ya 8: Mjini

Wizi wa mijini hufanywa mara nyingi na watu wawili juu ya pikipiki moja, na wanachotaka ni simu. Simu iliyobanwa kwenye usukani ni mali iliyowekwa mezani: mjini itie mfukoni na usikilize maelekezo kwa sikio. Wakikuonyesha silaha, toa walichokitaka, hata pikipiki, bila mabishano wala kuchomoa kitu haraka. Usiku laza pikipiki kwenye maegesho yenye mlinzi, usiiache barabarani kwa sababu tu mwenye hoteli amesema mtaa ni mtulivu. Usipokee kinywaji wala sigara kwa mtu uliyekutana naye saa hiyo hiyo, kwa kuwa dawa ya skopolamini, inayomlegeza mtu akatii na baadaye asikumbuke kitu, hutumika kuwaibia wageni.

Hatua ya 9: Vizuizi

Askari wa jeshi na polisi husimamisha magari mara kwa mara. Punguza mwendo mapema, inua kioo cha helmeti, zima injini, na useme kabla ya kupeleka mkono kwenye mfuko wa hati. Wengi wanataka tu kujua unatoka nchi gani. Vizuizi vya waandamanaji ni jambo jingine: wakulima, jamii za wenyeji wa asili na madereva wa malori hufunga barabara kuu wanapodai haki zao, kama malori yalivyofanya Septemba 2024 kwa sababu ya bei ya dizeli. Pikipiki wakati mwingine huruhusiwa kupita. Shuka, sukuma pikipiki kwa miguu, omba ruhusa kwa heshima, usipige picha, na ukikataliwa geuza. Ukikutana na watu wenye silaha ambao hujui ni wa upande gani, usikimbie wala usiulize. Jibu unachoulizwa na uondoke ukiruhusiwa.

Hatua ya 10: Ajali ikitokea

Piga 123. Ikiwa kilichoharibika ni vyombo tu, sheria ya mwaka 2022 inataka mpige picha kisha muondoe vyombo barabarani. Akiwepo aliyeumia, viacheni vilivyo hadi polisi wafike, isipokuwa usalama ukilazimisha vinginevyo, na mtu atumwe nyuma ya kona kuwaonya wanaokuja. Usimvue majeruhi helmeti kama anapumua vizuri. Taja SOAT mara tu mnapofika hospitali, na wasiliana na kampuni ya bima yako ya safari siku hiyo hiyo, kwa kuwa kiwango cha SOAT hakitoshi kwa upasuaji mkubwa wala kusafirishwa kurudi nyumbani. Kadi yenye kundi lako la damu, mzio wa dawa na namba ya ndugu, iliyoandikwa Kihispania, ikae kwenye mfuko wa jaketi badala ya begi, maana begi hubaki na pikipiki. Kabla ya kuondoka katika mji huo, chukua nakala ya ripoti ya ajali kutoka kwa polisi. Bila hiyo kampuni ya bima yako ya safari haitaanza hata kulifungua jalada.